Shamba Lililosubiri Gari la Moto

Utotoni mwangu, kule kwetu kwenye vilima vya Ngungu, tulikuwa na shamba moja tu la tambarare, na hilo ndilo tulilokatazwa kulima. Mengine yote yalikaa ubavuni mwa mlima, ambako mvua moja kubwa hubeba mbegu, udongo na jasho la mtu, vyote kwa mkupuo. Lile la tambarare lilikuwa na udongo mweusi mzuri. Lakini tuliliacha liote majani, na Koko, bibi yangu mzaa baba, aliyakata majani hayo kila Jumamosi yasirefuke. Wapita njia walidhani tumerogwa. Kumbe tulikuwa tumesoma Biblia.

Ilianza siku Baba alipopigwa risasi ya paja akitoka sokoni. Aliyepiga hatukumjua, na kama kuna aliyemjua, hakufungua mdomo. Barabara ya Goma ilikuwa imefungwa. Baba alilala ndani paja likizidi kuvimba, hadi asubuhi moja helikopta nyeupe ilipotua kwenye shamba letu la tambarare, lililokuwa limepumzishwa msimu ule, kuchukua majeruhi waliokuwa wamekusanywa pale kijijini. Majirani wakambeba Baba mbiombio. Wanaume wawili wenye kofia ngumu na miwani myeusi walimpokea, wakamlaza ndani. Mama aliwakimbilia akiuliza kwa sauti yake yote wanampeleka wapi. Mmoja alimwonyesha kiganja, arudi nyuma, asije akaangushwa na upepo. Mlango ukafungwa. Majanini lilibaki koti la Baba, na Koko akaliokota.

Hatukupata habari zake tena, mpaka leo hii ninapoandika.

Nyumbani msomaji nilikuwa mimi peke yangu, basi kila jioni Koko alinikalisha na Biblia ya Baba nimsomee Ezekieli. Si Ezekieli wote, ni pale mwanzoni tu, pa upepo mkali unaotoka kaskazini, wingu lenye moto, viumbe wenye nyuso za ajabu, na magurudumu yaliyojaa macho pande zote.

"Soma tena pa magurudumu," alikuwa akisema. Nikisoma, anafumba macho, kisha ananieleza kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho "ndiyo" yake ni "njo". "Ile macho njo madirisha. Na kaskazini njo kwenye ilitokea, tuliona sisi wote. Ezekieli hakukuwa na jina ya helikopta, mutoto wangu. Aliandika tu vile aliona."

Wazo hilo hakulizua yeye. Lilitoka kwa Pasta wetu, kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Goma na simu iliyojaa video. Jumapili moja, wiki chache baada ya Baba kuchukuliwa, alihubiri kwamba gari la moto la Elia, nguzo ya wingu ya jangwani, hata lile wingu lililompokea Yesu, vyote vilikuwa vyombo vya kurukia, na malaika ndio waliokuwa wakiviendesha. Watu walipiga makofi. Kwa mara ya kwanza mahubiri yalikuwa yametaja kitu walichokiona kwa macho yao, kikiwapigia vumbi usoni. Koko alitoka kanisani uso unang'aa, na Jumamosi iliyofuata akaanza kufyeka shamba la tambarare, ili gari lile likimrudisha mwanawe lipate pa kutua. Mzee mmoja alipojaribu kumwambia kwamba mambo yale yalikuwa ya rohoni, alimkatiza.

"Roho inatafuta magurudumu ya nini? Kama njo roho, itembee tu."

Nami sitasema uongo, nilifurahi. Baba za wenzangu walikuwa wamekufa kifo cha kawaida, wangu alikuwa Elia. Nilitamba nalo shuleni mpaka nikapigwa.

Mama hakutamba. Barabara ilipofunguka alikunja kitenge chake kimoja kizuri, akaenda kusimama mbele ya Koko.

"Mama, niache nifike Goma. Nimutafute mu lopitali."

Koko alinigeukia mimi. "Musomee pale Elia alibebwa."

Nikasoma jinsi wana wa manabii walivyotaka kutuma watu hamsini wamtafute Elia milimani, jinsi Elisha alivyowakataza wakakaidi, na jinsi walivyorudi mikono mitupu.

"Umesikia, mukamwana? Muntu mwenye alibebwa hapana kutafutwa. Ao unataka kumukuta amekufa, njo utulie?"

Kwetu mke hambishii mama mkwe aliyesema kwa sauti ile. Tena mdogo wangu Amani alikuwa bado ananyonya. Mama alikikunjua kitenge chake, na mwezi haukuisha kabla ya barabara kufungwa tena. Niliyasoma maneno yale kwa sauti nzuri, kama nilivyofundishwa darasani, nikasifiwa.

Kwa kuwa Baba hakufa, hakukuwa na matanga. Hakuna aliyekuja kulala kwetu na kulia na Mama. Hakunyolewa kichwa, kwa hiyo hakuwa mjane, na mume vilevile hakuwa naye. Sokoni wanawake hawakujua wampe pole au wamsalimie tu. Mwisho alinishika mkono, tukaenda kwa Pasta kumwomba ibada ya matanga, hata fupi.

Pasta alijikuna shingo. "Mama, mimi nilihubiri tu, kutia watu moyo. Sasa Koko ataniona muongo mbele ya kanisa. Tumuachie Mungu."

"Mungu hapana kutusumbua, Pasta," Mama akasema. "Ni wewe ulituambia iko na gari."

Alituletea chai. Tuliiacha mezani, tukashuka mlima na njaa yetu.

Maana njaa nayo ilikuwa imeingia. Msimu ule mvua ilikomba mashamba ya ubavuni mpaka mawe yakaonekana. Amani akaanza kubadilika nywele, zikawa nyekundu na nyepesi, miguu ikavimba, akawa mtoto wa kukaa tu mahali alipowekwa. Na pale nyuma ya nyumba shamba lile jeusi lilikuwa limelala, limenyolewa vizuri, linamngoja mgeni. Sijui kama mtu ambaye hajalala njaa kando ya udongo mzuri anaweza kuelewa chuki inayomwingia. Mimi niliyachukia majani yale kama watu wanavyochukia mtu.

Jumapili iliyofuata Mama hakwenda kanisani. Tulichukua majembe, mimi na yeye, tukaanza kulima. Koko aliporudi alisimama ukingoni na Biblia yake kwapani.

"Itashuka wapi?"

"Watoto watakula nini, Mama?"

"Nimeuliza, itashuka wapi?"

Kisha akaja akaketi chini katikati ya shamba, pale ambapo hatujafika, akanyoosha miguu. Mama hakumgusa wala hakuinua sauti, alilima akimzunguka. Jioni ilipofika palibaki kipande cha majani kadiri ya mkeka, na bibi yangu juu yake.

Tulipanda maharagi, yale yanayotambaa, na yalipoota tukayasimikia miti ya kupandia, shamba zima. Yaliitika kama kwamba na yenyewe yalikuwa yakingoja. Yalikuwa katika maua wakati sauti iliposikika, mchana kweupe, kutoka kaskazini.

Ilikuwa nyeupe, kama ile ya kwanza. Ilikuja chini sana, ikaanza kuzunguka juu ya shamba letu, na upepo wake ukalaza maharagi na kung'oa miti. Koko alitoka nyumbani na koti la Baba mkononi. Sijawahi kuona mwanamke mzee akikimbia vile. Alijikwaa katikati ya miti, akainuka, akapunga lile koti juu ya kichwa chake, akimwita mwanawe kwa jina alilompa siku alipomzaa. Mama alikuwa amesimama mlangoni, Amani mgongoni, mkono mdomoni. Naona aibu kusema, lakini wakati ule sote tuliamini, hata yeye.

Helikopta ilining'inia pale kidogo. Halafu ikainama upande, ikavuka mlima wa pili, ikapotea.

Koko aligeuka. Majirani walikuwa wamekwisha kujaa njiani.

"Iliona miti," akasema. "Mukamwana, umemufungia bwana yako mulango."

Mama aliingia shambani, akaokota miti iliyoanguka, mmoja baada ya mwingine, akairudishia maharagi yake. Alipomaliza aliniita ndani, akanipa wembe.

"Ninyole."

"Mama, Koko atasema..."

"Ninyole. Kama alikuwa mule ndani, ameona watoto yake iko na chakula. Kama hakukuwa, acha nikuwe mujane kama wengine."

Nilimnyoa huku nalia. Yeye hakulia.

Maharagi yale yalikuwa matamu, nami sitasema vinginevyo ili nionekane nina huzuni. Amani alirudi kutembea. Koko alikula pamoja nasi, na mara nyingine alisogeza sahani aongezewe. Mama alipakua kwa wote, na akiulizwa yeye mbona hali, alisema ameshiba. Hakuonja hata punje ya shamba lile, msimu ule wala misimu iliyofuata. Koko alipofariki, Mama ndiye aliyemfunika kwa lile koti kabla hajazikwa, akalivuta mpaka kidevuni ili asione baridi.

Sasa nimekuwa mtu mzima, ninaishi Goma, na nimeuliza kila mahali anapoweza kuuliza mtu asiye na mjomba ofisini. Wananipa kiti, wananipa na pole. Pasta, nasikia, ana kanisa kubwa na video za kwake mwenyewe. Zamani nilimlaumu Koko kwa yale aliyotufanyia. Siku hizi nashindwa. Mwanawe alifungiwa mlango mbele ya macho yake na watu wasiosema neno, naye nyumbani alikuwa na kitabu kimoja tu cha kumweleza jambo lile. Hasira yangu imehama, iko kwa yule aliyetuonyesha kiganja. Nimeisoma habari ya Elia mara nyingi mno kwa maisha ya mtu mmoja, na kinachonichoma humo si gari wala moto. Ni kwamba Elisha aliambiwa. Njia nzima watu walimwuliza kama anajua bwana wake atachukuliwa leo, akajibu kwamba anajua. Mungu mwenyewe, pamoja na ukuu wake wote, hakumchukua mtu bila jamaa zake kupata habari.

Mama ninakaa naye. Nyumba yetu iko karibu na uwanja wa ndege, kwa kuwa huku ndiko kodi yetu ilikofika, na helikopta hupita juu ya bati letu kutwa. Mama hainui uso. Akiwa anachambua maharagi kwenye ungo, mikono yake husimama tu, hungoja mpaka ile sauti ipotee, ndipo huendelea.