Uso Nilioupa Bunduki

Jambo hili lote liligharimu shilingi elfu sitini na mbili za mauzo, safari nne za Kakuma hadi Lodwar na kurudi, leso moja, na siku arobaini na moja za maisha ya mwanamume ambaye hakunikosea chochote. Nimehesabu mara mbili. Hizo siku hazikuwa zangu kutumia, ila nilizitumia.

Nauza shuka, sukari na tumbaku Kakuma. Nilitoka Kitale miaka kumi na miwili iliyopita, na kilichoniweka mjini muda wote huo ni macho. Mteja akigusa shuka tatu na kurudisha mbili, najua ya tatu iko chini ya kwapa gani. Mbuzi nikimwona Jumatatu, akiletwa Alhamisi na mtu mwingine, nitakwambia mwenyewe ni nani. Kwa hiyo balaa lilipokuja, kitu pekee ambacho sikukitilia shaka ni kumbukumbu yangu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, tukienda Lodwar kuchukua mzigo. Tulikuwa wawili kwenye pikapu, mimi na dereva wangu, Mturkana wa Lorugum. Gari lilipopunguza mwendo kuvuka laga, ule mto wa mchanga mtupu, watu wawili wakatokea ukingoni. Mmoja akampiga dereva kichwani kwa kitako cha bunduki. Mwingine akaja dirishani kwangu.

Bunduki ile naweza kukuchorea sasa hivi. Kitako kilifungwa mpira mweusi wa tyubu ya baiskeli, mizunguko sita. Karibu na kifyatulio kulikuwa na mikwaruzo minne, mmoja mrefu kuliko mingine. Mdomo wa mtutu ulikuwa na kutu upande wa kushoto. Sikuomba Mungu, sikulia. Nilihesabu mizunguko, nikaanza tena kutoka juu. Mkono wangu ukatoa mfuko wa pesa bila kuniuliza, mimi ambaye sijawahi kuachia shilingi kumi bila maneno.

Wakaondoka. Kinachofuata kichwani mwangu ni benchi la kituo cha polisi Lodwar, na soda ya moto mkononi. Katikati hapakuwa na kitu, na sikuona ajabu. Niliambiwa lori lilitubeba, na kwamba dereva alizidiwa njiani, akapelekwa hospitali Eldoret.

"Alikuwa na sura gani?" askari akauliza.

"Mwembamba, mrefu."

"Mama, hapa nani si mwembamba na mrefu?"

"Nikimwona nitamjua."

Nilisema hivyo kama mtu anavyosema bei ya mwisho.

Askari wa akiba wakaenda kusoma nyayo. Huku kwetu nyayo husomwa kama risiti: malapa ya tairi yana chapa yake, na chapa moja ilitoka malishoni, ikaenda moja kwa moja hadi mlango wa gari letu, ikarudi. Waliifuata siku mbili, wakamkuta mwenye malapa akichunga ngamia. Wakamleta.

Nikaitwa kwenye gwaride la utambulisho. Wanaume wanane, mgongo ukutani. Nilipita mstari mzima, nikarudi, kama ninavyofanya na mbuzi sokoni. Wa tano alikuwa na sikio la kushoto lililochanika juu. Jasho baridi lilinishuka mgongoni, na mwili wangu wote ukasema: ndiye.

"Huyu."

"Una uhakika?"

"Mia kwa mia. Nirudie?"

"Haina haja."

Kuna kitu kilichonikera zaidi ya yote. Aliponiona, yule mtu alitaka kutabasamu. Kama mtu anayemwona jamaa yake amefika. Nikasema moyoni, tazama ujeuri huo. Alisema maneno kwa Kiturkana, askari akaandika, kisha akanigeukia: "Amekubali alikuwa pale."

Kosa lenyewe lilikuwa wizi wa mabavu. Mtu haendi jela kwa kosa hilo akarudi karibuni kuchunga. Nililala vizuri usiku ule, na siku nyingi baadaye.

Baada ya wiki tano dereva akarudi, kichwa kimenyolewa, mshono kama zipu. Nikamkaribisha chai dukani, nikampa habari kwa majivuno.

"Ejok, ni vizuri, mama. Walishika nani?"

"Mchunga ngamia. Ana sikio limechanika."

Akaweka kikombe chini. "Ya hapa? Juu hivi?"

"Hapo hapo."

"Mama, huyo si mwizi. Huyo ndio alitupatia maziwa."

"Maziwa gani?"

"Ya ngamia! Wezi walienda, yeye akakuja mbio na kibuyu. Wewe ulikuwa unatetemeka, ukakunywa, ingine ikamwagika kwa nguo. Mimi akanishika kichwa."

"Wewe ulipigwa kichwa. Uliota."

"Na wewe hukupigwa. Mbona hukumbuki?"

Nilibishana naye kuliko nilivyowahi kubishana na mnunuzi yeyote. Nilisema watu hufanana. Nilisema masikio hufanana. Akaniacha nimalize.

"Yule wa dirisha yako alifunga uso na kitambaa, mama, niliona wakitokea. Sikio uliona wapi?"

Nikaenda kuchukua leso. Nilikuwa nimeivaa siku ile, nikaihifadhi bila kuifua ndani ya mkebe wa biskuti, iwe ushahidi mahakamani. Nikaufungua mkebe mbele yake. Doa lilikuwa limekauka, gumu. Harufu ilitoka kabla sijaikaribia: maziwa yaliyochacha, na moshi. Waturkana hufukiza vibuyu vyao kwa makaa ya mti, na moshi ule hauigiki. Wezi hawakuja na maziwa. Niliikunja leso, nikaikunjua, nikainusa mara ya pili, nikitumaini itabadilika.

Hata hapo sikukumbuka kunywa. Mpaka leo sijakumbuka. Nafikiri uoga wangu ulikamata bunduki yote kwa mikono miwili, haukubaki mkono wa kushika kitu kingine. Kisha ulipochoka, ukachukua uso wa kwanza uliokaribia dirisha, ukauweka kwenye nafasi tupu. Na ukauweka kwa ustadi. Hakuna mahali panapoonyesha kiraka.

Kesho yake tulikuwa Lodwar, mimi, dereva na mkebe.

"Afande, nilikosea mtu."

"Mama, taarifa ni kurasa tatu. Ulitia sahihi."

"Nilitia sahihi uso ambao sikuuona."

"Unajua naweza kukufungulia kesi wewe?"

"Fungua. Lakini mtoe yeye kwanza."

"Hapa si sokoni."

Lakini aliinusa leso, akamwita mkubwa wake naye akanusa. Dereva akaandika taarifa yake. Siku ya mahakama nilirudi, nikasimama mbele ya hakimu nikasema tena. Akaachiliwa.

Alitoka nje amekonda. Akanitazama, akasema kitu kwa dereva.

"Anauliza," dereva akasema bila kunitazama, "kama maziwa ilikuwa mbaya."

Hakusubiri nijibu. Aliondoka kwa miguu, upande wa soko.

Hiyo ilikuwa mwezi uliopita. Juzi kituo kilipiga simu: wamemshika mwingine, gwaride ni Jumatatu, nifike saa tatu. Nikifumba macho, anayeshika bunduki bado ana sikio lililochanika. Na tangu simu hiyo nimeanza kuona pia macho mawili juu ya kitambaa, mekundu kidogo, wazi kabisa. Sijui kama nimeyakumbuka au nimeyatengeneza. Nisipoenda, huenda mwizi akarudi barabarani. Nikienda, najua mwili wangu utamchagua mtu fulani, na nitasema mia kwa mia. Dereva anasema hilo ni langu, yeye alikuwa chini.

Wewe unayesoma, kama umewahi kusimama mbele ya mstari kama ule, nishauri kabla ya Jumatatu. Niende?