Mbuzi wa Shangazi Thuraya

Tulikuwa watano siku ile, wakubwa watatu na wadogo wawili, na nitawataja wote kwa sababu mie jina sisahau. Shangazi Thuraya, dada mkubwa wa baba, ambaye hakuwahi kuhama Ibra maisha yake. Nyumba ilikuwa yake, shamba lake, na zamu ya maji yake. Mama yangu, Bi Zuwena, mzaliwa wa Wete. Bi Mauwa, jirani, naye wa Pemba, alitutangulia kuja kwa mwaka mmoja. Mdogo wangu Asya. Na mie Rahma, miaka tisa. Baba alikuwa Maskati anatafuta kazi, kwa hivyo simtii kwenye hesabu.

Yamenirudia jana nilipokuwa namenya nyuzi za majani ya maboga. Mnaijua ile harufu? Unavunja kikonyo, unauvuta uzi mpaka chini, na vidole vinabaki kijani vikinuka mvua. Hapa Ibra mvua ni ya kuotea, lakini harufu ile imo ndani ya jani, sijui ilifikaje.

Tulikuwa na miezi minne tu tangu kuja kutoka Pemba. Joto likavunjika, tende zishavunwa, na shamba dogo la Shangazi likaamka: figili, vitunguu, biringani, kotmiri, na maboga. Boga alilipika kwa vitunguu na ndimu kavu mpaka likawa rojo, akalimwaga juu ya wali na vipande vya papa mkavu. Figili tukitafuna mbichi, kali mpaka Asya akitokwa na machozi. Chakula kizuri, ila Mama hakuwa akila. Alikuwa na mimba changa, kila akitia kitu mdomoni kinarudi, na mikono ikamkonda hata bangili zikimpanda mpaka kiwikoni.

"Zuwena," Bi Mauwa akamwambia, "mtoto tumboni hali hamu, anakula chakula. Unataka nini nikutafutie?"

"Majani ya maboga ya nazi," akasema Mama. "Basi."

Nazi ilipatikana, moja, Baba aliileta kwa mkono wa dereva wa gari la mizigo. Majani yalikuwepo shambani. Asubuhi ile Shangazi alikwenda kumtazama mgonjwa, Mama akanambia, "Rahma, kachume majani machache, ya pembeni."

Nikachuma kama tulivyokuwa tukichuma Pemba: ncha zote, na maua yake. Kwetu ukilikata shina leo, mvua inanyesha, keshokutwa limechipua. Sikujua kwamba hapa shina linakunywa zamu yetu ya falaji, ule mfereji wa maji tunaogawana mji mzima, ikifika, kila siku ya tisa, na ukiondoka na ncha na maua, boga hulioni tena. Nikarudi kanga imejaa, najiona hodari.

Mama aliifungua ile kanga, akayageuza yale maua kwa kidole. Kisha akakaa, akamenya.

Nazi tuliikuna kwa kifuniko cha kopo kilichotobolewa kwa misumari. Tui lilipochemka na majani, nyumba nzima ilinukia Wete, hata Bi Mauwa akawa anapenga kamasi akisingizia moshi. Ndipo tukamsikia Shangazi uani, anafoka kwa Kiarabu chake cha Ibra: "Mbuzi wa nani kaingia shambani kwangu? Nambieni wa nani, nikamfunge."

Akaja mpaka mlango wa jiko. Kanga yangu ilikuwa bado chini, na zile nyuzi za kijani. Nikajibana nyuma ya Bi Mauwa. Udogo wangu wote ule, nilijua kuwa tukitolewa nyumba ile hatuna pengine pa kulala.

Mama akainuka, mkono kiunoni. Kiarabu chake kilikuwa kidogo, lakini siku ile kilitosha. "Mbuzi ni mimi, dada."

Shangazi akamtazama yeye, akaitazama sufuria, akaitazama ile mikono iliyokonda. Akaketi mkekani bila kuvua shela. "Mtilieni mbuzi ale, nimwone."

Mama akala sahani ya kwanza, akala ya pili, na hakikurudi kitu. Shangazi naye alionja kwa ncha ya kidole, akakunja uso. "Kinataka ndimu," akasema, akaikamua mwenyewe.

Baridi ile tulivuna maboga matatu tu. Shangazi akila wali na figili, figili na wali, akisema ndiyo aipendayo, nami nikaamini. Mwaka uliofuata alipanda mstari mmoja zaidi wa maboga, mwisho kabisa wa mfereji, na asubuhi akiniita: "Rahma, njoo tumchumie mbuzi wetu." Alisimama pembeni yangu akinionyesha kwa kidole: hii chukua, ile yenye kiboga kidogo chini ya ua iache.

Nilipoolewa nikawa na shamba langu, ndipo nilipojua zamu ya maji ilivyo fupi. Mstari ule ulikunywa maji ya vitunguu vyake. Tena nikajiuliza: kama aliamini mbuzi ni Mama, kwa nini kila mara akinifundisha mie?

Wale wakubwa wote watatu wametangulia mbele ya haki. Asya anasema maboga yalikuwa matano, na nazi aliikuna Bi Mauwa. Huenda; yeye alikuwa na miaka sita. Nyie mliokuwa Ibra wakati ule, au mliohadithiwa na mama zenu, mkiona nimekosea jina au hesabu, nisahihisheni. Ila mbuzi alikuwa mie, na Mama akasema ni yeye. Hapo sikukosea.