Karatasi ya Mgomba

Wakati wa vita karatasi ziliadimika huku Changamwe, na kaka yangu alikuwa mbali jeshini. Nikasema sikai bila kumwandikia.

Nilikata mgomba uliokwisha kuzaa, nikauchemsha na majivu, nikautwanga kinuni pamoja na vipande vya leso kuukuu mpaka ukawa kama uji. Nikautandaza juu ya kung'uto la mama la kuchujia tui, maji yakachuruzika, nikaugeuzia ubaoni ukauke juani. Ikatoka karatasi ya duara, nene kama chapati. Wino ukakataa kuingia, ukabaki matone matone. Kung'uto lilikuwa limejaa mafuta ya nazi. Mama akacheka, mimi nikanuna.

Nililisugua kwa majivu na mchanga siku mbili, nikaanza upya. Ya pili nikaitupa, na ya tatu. Ya nne ikanywa wino, nikaandika mpaka ukingoni.

Baada ya miezi kadhaa jibu likaja. Kaka alisema wino umesambaa, maneno mengi hayasomeki, lakini kila jioni huinusa ile karatasi, kwa kuwa inanukia tui la mama.

Nilikereka. Harufu hiyo ndiyo niliyoisugua siku mbili ili itoke.