Vijiti Vitatu vya Minyaa

Nilikuwa hodari wa kuchunguza dhamiri, ila dhamiri niliyoichunguza mara nyingi ilikuwa ya mtu mwingine. Katika jumuiya yetu ndogo ya Nyakabanda nilijua ni nani anatia maji kwenye maziwa ya kuuza, na ni nani anasali kwa sauti ya kupasua dari huku mama mkwe wake analala njaa. Dhambi zangu nilizipeleka kwa padri zikiwa nyepesi: hasira, uvivu wa kusali rozari, maneno makali kwa wateja wanaoleta kitambaa leo na kutaka gauni kesho. Padri aliniondolea, nami nikarudi kwenye cherehani yangu na amani ambayo sikuistahili.

Mimi ni mzaliwa wa Bukoba. Niliolewa Kigali na dereva wa malori, na kwa kuwa yeye alikuwa safarini wiki tatu kati ya nne, aliyenifundisha kuishi mji ule ni jirani yangu wa mkono wa kulia. Mume wake alikuwa mwalimu, na walikuwa na binti mmoja. Kati ya uwanja wake na wangu kulikuwa na uzio wa minyaa, ile miti ya vijiti vya kijani inayotoa maziwa makali ukiivunja. Ndani ya uzio huo kulikuwa na pengo la kupita mtu mmoja. Wenyeji waliliita icyanzu, mlango wa nyuma wa watu wanaoaminiana. Asubuhi alipita hapo na kigae chake kuja kuchukua kaa la moto, au nilipita mimi, kutegemea jiko la nani liliamka na uhai. Hatukupiga hodi. Kule, kumnyima jirani moto ni kumtangazia ugomvi, na kiberiti tulikiona ni kitu cha watu wasio na majirani.

Oktoba 1990 vita vilianza kaskazini. Siku chache baadaye risasi zililia mjini, na kulipokucha wakaanza kukamata watu waliowaita vibaraka wa adui. Mwalimu alichukuliwa mikono ikiwa bado na vumbi la chaki. Kesho yake kiongozi wa mtaa akapita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anaingia kwa nani. Kwangu alisimama uani, akalitazama lile pengo kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba mgeni mwenye akili hutunza uzio wake.

Jioni ileile nilivunja vijiti vitatu vya minyaa nikavichomeka kwenye pengo. Minyaa haitaki mbolea wala kubembelezwa; ukishachomeka kijiti, kinashika. Asubuhi jirani alikuja na kigae chake akavikuta. Nilimwambia kuku wake wanapita hapo na kunimalizia maharage. Uongo mtupu. Kuku wake walikuwa wanne, waoga kuliko mimi, na maharage nilikuwa sijapanda hata punje. Alinitazama, mwanamke ambaye hajui mume wake yuko gereza gani, akasema kwa upole:

"Kuku yangu nitafunga, mama. Njia usifunge."

Akawafunga kweli. Kila kuku kamba mguuni, kwenye nguzo ya jiko. Niliwaona kupitia katikati ya vile vijiti, wakizunguka nguzo mpaka kamba inakwisha, wanasimama, wanaanza kuzunguka upande mwingine. Ningeving'oa vijiti kwa mkono mmoja, mizizi ilikuwa haijashika. Sikuving'oa. Jirani akawa anazunguka kwa barabarani kuja kuomba moto, kigae mkononi, watu wakimwangalia. Baada ya wiki mbili tatu akanunua kiberiti.

Mwalimu walimwachia akiwa mifupa tu. Alirudi mwaka uliofuata, akafa kabla ya mvua za masika kwisha. Nilikwenda msibani kwa barabarani nikiwa na sufuria ya ugali, nikakaa na wanawake wengine, nikalia machozi ya kweli. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo: machozi yalikuwa ya kweli na vijiti vilikuwa vyangu. Mwaka huo vilinifika magotini. Mwaka wa pili vilinifika kiunoni.

Kwaresima ya 1994 jumuiya yetu ilikuwa na desturi yake ileile. Kila mmoja alisema mbele ya wenzake amemkosea nani, ili aende Pasaka akiwa amepatana na watu. Zamu yangu ilipofika, jirani yangu alikuwa amekaa mbele yangu na binti yake, ambaye sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Nikasema mimi nina hasira. Wakaitikia kwamba Mungu anisaidie. Jirani aliitikia pamoja nao, akiangalia sakafu.

Juma Kuu nilishindwa kujizuia. Nilipiga magoti kwenye kitubio nikasema yote, kiongozi wa mtaa, maharage, kuku. Padri akauliza jambo moja tu: vijiti vina urefu gani sasa? Nikamwambia vimenipita kichwa. Akasema nisisali hata rozari moja. Malipizi yangu yalikuwa panga. Nikate pengo lile kabla ya Pasaka, nimwambie jirani ukweli, ndipo nije mezani kwa Bwana. Padri huyo naye hakuumaliza mwezi uliofuata, kwa hiyo sina hata wa kumwambia kwamba sikumtii.

Maana sikumtii. Jumamosi Kuu nilitoka na panga mkononi, nikafika kwenye uzio. Kisha nikakumbuka magauni saba meupe yaliyokuwa yananingoja ndani, ya wasichana wa komunyo ya kwanza. Maziwa ya minyaa yakigusa kitambaa hayatoki, na mikono yangu ingekuwa imejaa. Nikaona si haki kuwaharibia watoto wa watu sikukuu. Ndivyo nilivyo: sijawahi kumkatalia Mungu bila sababu nzuri.

Siku ya Pasaka nilipokea komunyo. Tulipopeana amani, jirani alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nje ya kanisa nikaanza, nikamwambia kuhusu wale kuku kuna neno. Akanikatiza bila ukali.

"Nilijua siku ile, mama. Na kuku imekwisha sasa. Fungulia tu njia, siku hizi iko mubaya."

Nikamjibu, "Jumamosi."

Jumatano usiku ndege ya rais iliangushwa. Alhamisi redio ikaamuru kila mtu abaki nyumbani kwake. Kwenye barabara yetu wakaweka kizuizi cha magogo na kreti za bia, hatua mia hivi kutoka mlangoni kwa jirani, wakawa wanadai vitambulisho. Changu cha ugeni hakikuwa na kabila. Chake kilikuwa nalo, na mwenye kabila lake hakuvuka kizuizi akiwa hai. Nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na kijia cha kushuka bondeni, hadi kwenye nyumba za Waislamu, ambako watu wengi walifichwa. Kutoka kwake hapakuwa na njia ya kufika huko, isipokuwa kupita kwangu.

Saa nne asubuhi nilisikia minyaa ikitikisika.

"Mama. Iko hapo?"

Nikasema nipo. Akasema wale wa kizuizini wameshaingia nyumba ya tatu kutoka kwake, nifungue kidogo, hata ya kupita mtoto tu. Nikakimbilia panga. Pigo la kwanza likarusha maziwa usoni, macho yakawaka moto, nikawa sioni. Nikapiga tena kwa kubahatisha. Filimbi zao zilikuwa zimekaribia. Ndipo mkono ukapita katikati ya vijiti ukanishika kifundo cha mkono.

"Acha, mama. Wataona umekata, iko mubichi. Watakuja na kwako."

Alisema kwa sauti ileile ya siku ya kuku. Na mimi nikaacha. Sikubishana naye hata neno moja, nikaweka panga chini. Nimetubu mengi tangu hapo, lakini hili sijapata jina la kuliungama: kwamba aliponiruhusu niache, moyo wangu ulipumua.

Mkono wake ukaniachia. Sikuwaona wakiondoka, macho yalikuwa yamefumba. Nilisikia nyayo zao tu, za mama na za binti, zikivuka uwanja kuelekea lango la mbele. Alizunguka kwa barabarani, kama nilivyomzoesha.