Magari Mawili ya Rangi ya Maziwa

Gari letu lilikuwa la Kijapani, dogo, la milango minne, rangi ya maziwa yaliyokaa siku moja. Jina lake silitaji, kama nisivyomtaja mtu yeyote humu. Hata nikilitaja, vijana wa leo hawatalijua, kwa sababu miaka ya themanini kampuni yenyewe iliacha kulitumia, ikaanza kubandika jina jingine kwenye magari yaleyale. Mume wangu alilichukulia vibaya jambo hilo. "Mtu mzima anabadilije jina?" aliuliza. Mwalimu mgeni aliyetuuzia gari alikuwa amemsimulia kwamba hata jina lile liliwahi kugeuzwa silabi yake ya mwisho, kabla sisi hatujazaliwa, kwa sababu kwa Kijapani lilisikika kama neno la hasara. Wakaweka neno la jua. Mume wangu aliipenda habari hiyo, akawa anamsimulia kila aliyepanda.

Magari hayo yalipoanza kuonekana Shinyanga, mwishoni mwa miaka ya sitini, watu waliyacheka. Wakubwa walizoea magari mazito ya Kiingereza na ya Kifaransa. Walikuwa wakigonga boneti la lile la Kijapani kwa kidole, wanasikiliza bati lake, halafu wanasema, "Hili ni la masika moja tu." Masika yakapita, na mengine yakapita. Kisha bei ya petroli ikapanda, magari mazito yakaegeshwa kwenye majani, na haya madogo yakaendelea kwenda. Yalikunywa kidogo. Fundi yeyote mwenye spana na bisibisi aliweza kuyafungua njiani na kuyarudisha. Kufikia katikati ya miaka ya sabini walimu walikuwa nayo, wenye maduka walikuwa nayo, hata mapadri. Na kwa kuwa yaliagizwa kwa mkupuo, mengi ya upande wetu yalikuwa ya rangi moja. Vitasa vyake vikishachakaa, ufunguo wa moja uliweza kufungua jingine. Wote tulilijua hilo na hakuna aliyelijali.

Mume wangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba, hadi mtoto wa jicho alipomshika macho yote mawili. Aliacha kazi, tukahamia kwao karibu na Ushirombo, mimi nikapata kazi ya kusimamia madarasa ya elimu ya watu wazima. Mimi kwetu ni Morogoro. Kisumbwa, lugha ya kwao, nilikuwa najifunza, na Kisukuma changu kilikuwa cha sokoni tu, cha kuuliza bei na kusalimia. Kwa sababu ya macho yake ikabidi nijifunze kuendesha, na kwa muda mrefu nilikuwa mwanamke pekee aliyeonekana nyuma ya usukani katika barabara ile. Watu waliniita mwalimu, na mume wangu naye aliniita hivyohivyo.

Alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Alikuwa na ndugu wengi, na kila ndugu alimwahidi lifti. Mara nyingi nilirudi garini nikakuta mtu keshakaa, ana mizigo yake, ananiambia, "Mumeo ndiye aliyesema nikusubiri hapa." Nilikwisha kuacha kushangaa.

Siku ninayoisimulia nilikwenda Kahama kuchukua chaki na madaftari ya madarasa, na dawa ya macho. Chaki nilipakia kwenye buti, nikaliacha gari mbele ya maduka, nikaenda kutafuta dawa kwa miguu. Niliporudi, jua lilikuwa kali, nikafungua mlango, nikakaa, nikawasha. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma kidogo. Nikadhani ni yule fundi aliyeniwekea tairi asubuhi. Rozari niliyoitundika kwenye kioo haikuwepo. Nikadhani imeanguka. Mshale wa petroli ulionyesha tangi limejaa, nami nilijua nina robo tu, nikasema moyoni, sasa na mshale umekufa. Kila kitu nilikipatia sababu. Nikaondoka.

Nyahanga, pembezoni mwa mji, ilikuwa imebaki nyuma, niko katika vumbi tupu, niliposikia mtu anakohoa nyuma yangu. Nikatazama kwenye kioo. Mwanamke mzee alikuwa anainuka kutoka kwenye kiti cha nyuma, blanketi limemfunika mabegani, anajifuta usingizi. Miguuni kwake kulikuwa na kibuyu kilichofungwa kwa kitambaa.

"Mwadila, mayu," alinisalimu, akiniita mama, kama anavyosalimiwa mwanamke wa Kisukuma mchana.

"Shikamoo, mama," nilijibu. "Umelala vizuri?"

"Marahaba. Nimelala."

Basi, nikaona ni ndugu mwingine wa mume wangu. Nilichokereka nacho ni kwamba safari hii hakuniambia hata neno. Yule mama alinitazama sana kupitia kioo, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili cha taratibu, kilichochanganyika na Kisukuma, kwamba amefurahi kuniona mwishowe. Hakuwa ameambiwa kwamba ninaendesha gari.

"Mume wako amebaki wapi?" akauliza.

"Yuko nyumbani, mama. Haendi popote siku hizi. Macho yanamsumbua."

Akashika kiti changu kwa mikono miwili. "Macho? Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Haoni vizuri kabisa."

"Lakini asubuhi alikuwa anaona!" alisema, na sauti yake ikaanza kulia. "Asubuhi amenishika mkono, amenipandisha."

Nikamhurumia. Nilidhani umri umemchanganya, kwamba anakumbuka asubuhi ya miaka mingi nyuma, mume wangu alipokuwa kijana. Nikamwambia asiogope, daktari amesema atapasuliwa, ataona tena. Alilia kimya kimya, kisha akajipangusa kwa ncha ya blanketi. Mbuzi walivuka njia, nikapunguza mwendo.

"Na watoto?" akauliza. "Hawajambo?"

Hilo ndilo swali nililolijua kuliko yote. Nikajibu kama nilivyozoea. "Hatujajaliwa, mama."

"Hapana," akasema. "Ana wawili. Mwenyewe ameniambia. Mvulana na msichana."

"Nani ana wawili?"

"Mume wako."

Sikumbuki vizuri njia iliyobaki. Najua nilibadilisha gia, najua nilipita watu na baiskeli zao, lakini kichwani mwangu mlikuwa na watoto wawili wasio na nyuso. Mzee aliyechanganyikiwa huweza kukosea siku. Je, huweza pia kubuni watoto, mvulana na msichana, na kuwasema kwa uhakika namna ile? Nilimuuliza wanaishi wapi. Akanitazama kwa mashaka, kama mtu anayeulizwa na mama mzazi wanakoishi wanawe. Akasema, "Si kwako?" Sikumuuliza tena.

Tulifika nyumbani saa kumi hivi. Mume wangu alikuwa barazani amekaa kwenye kiti chake cha kamba. Nilizima injini. Alikuwa ameshasimama, ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Mwalimu, gari la nani hilo?"

"Letu. La nani tena?"

"Siyo letu. Letu lina kelele ndogo ya bomba. Hili halina."

"Kwanza niambie," nikasema, nimesimama mbele yake na ufunguo mkononi, "wale watoto wako wawili wako wapi?"

Uso wake ulitafuta uso wangu na kuupata pembeni kidogo, kama kawaida yake siku zile. Kisha akasema, "Nani kakuambia?"

Ndivyo alivyosema. Sikupata nafasi ya kuuliza zaidi, maana yule mama alikuwa ameshuka, amemwendea, amemshika mashavu. Alimtazama kwa karibu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Huyu siye," aliniambia. "Mayu, huyu siye mwanangu."

Mume wangu hakujua ni mikono ya nani iliyomshika. Alishuka ngazi, akapapasa boneti, akapita hadi bampa la mbele, upande ambao gari letu lilikuwa na bonde tangu ligonge nguzo ya zizi la ng'ombe. Mkono wake ukapita laini moja kwa moja. "Umekuja na gari la watu," akasema. Nikafungua buti. Hamkuwa na chaki hata kipande. Mlikuwa na madebe mawili ya mafuta ya taa na mfuko wa chumvi.

Tukampa mama maji na kiti. Aliketi akinitazama mimi, akimtazama mume wangu, akitazama gari, na sisi tulimtazama yeye. Nilijaribu kumweleza, Kisukuma kikanikimbia chote. Mume wangu ndiye aliyemweleza, polepole, na hata yeye alisimama katikati na kuanza upya mara mbili.

Haikupita saa nzima tukasikia kelele ndogo ya bomba. Gari letu likaingia uani. Aliyeendesha alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, shati limelowa jasho, na pembeni yake alikaa askari polisi. Yule dereva alikuwa mwenye duka Buseresere. Alikuwa amemleta mama yake kutoka kijijini Shinyanga, akamwacha amelala garini huku yeye akimalizia ununuzi. Aliporudi aliwasha gari letu akidhani ni lake, akaenda mpaka kituo cha petroli, na hapo ndipo alipogeuka kumwangalia mama yake, akakuta kiti kitupu na rozari inaning'inia mbele ya uso wake. Kunipata haikuwa kazi. Alipouliza, kila mtu alimjibu kwamba gari kama hilo limeendeshwa na mwanamke kuelekea Ushirombo.

Askari alishuka, akalizunguka gari la kwanza, akalizunguka la pili. Alifungua kitabu chake, akaandika kidogo, akafuta.

"Wewe umelalamika kwamba gari lako limeibwa," alimwambia yule kijana. "Lakini nimekukuta ndani ya gari la huyu mwalimu. Sasa nani kamwibia nani?"

Mwishowe akaomba chai. Alikunywa vikombe viwili, akasema hataandika kitu, kwa sababu hajui angeandika nini.

Wakati wa chai ndipo yule mama alipomgeukia mwanawe. Alisema kwa Kisukuma, na mume wangu akanitafsiria sikioni.

"Kwa hiyo huyu si mkeo."

"Siye, mayu."

"Mkeo yuko wapi?"

Kijana aliweka kikombe chini. Alisema angemwambia njiani. Alisema alikuwa anatafuta maneno tangu Shinyanga, na kila alipoyapata mama alikuwa amelala. Mkewe alikuwa ameondoka kabla ya mvua, amerudi kwao na watoto wote wawili.

"Na hiki kibuyu," mama akauliza, "nimebeba samli ya nani?"

Kijana alikunja uso, akatoka nje, tukamsikia anahamisha chaki zangu kutoka buti moja kwenda jingine ingawa hakuna aliyemwomba. Mama aliinuka. Alikiokota kibuyu, akaniwekea mapajani. Nilikataa. Nikamwambia samli ni ya mkwe wake, mimi ni mtu baki tu. Akasema maneno marefu ambayo mume wangu hakuyatafsiri yote. Alisema tu, "Anasema amekwisha kulia kwa ajili ya macho ya mumeo. Anasema hawezi kuyarudisha machozi, basi na kibuyu kibaki." Nikakipokea, bila kujua napokea kama nani.

Walikwenda kabla jua halijazama. Askari alipanda nao hadi Ushirombo apate gari la kumrudisha Kahama. Baadaye mtu aliyetoka Buseresere alituambia mama yule alibaki kwa mwanawe msimu wote, na kwamba wale watoto wawili walionekana dukani, ila mama yao hakuonekana. Mwingine akasema mama yao alionekana pia. Sikupata kujua kweli ni ipi.

Mume wangu alipasuliwa macho mwaka uliofuata. Siku walipomfungua bandeji alinitazama muda mrefu, akasema nimekonda. Akarudi kwenye usukani, mimi nikahamia kiti cha pembeni. Gari lilidumu miaka mingine mingi. Lilikula kutu milangoni, liliwekewa viti vya gari jingine, lilisukumwa mlima na kuteremka lenyewe, na watu waliolicheka zamani walikuja kuomba kulinunua.

Mara moja tu, tukiwa njiani kwenda kuangalia mashamba, nilimuuliza. "Siku ile nilipokuuliza habari za watoto, mbona hukusema huna? Mbona ulisema, nani kakuambia?"

Alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Nilikuwa nimechanganyikiwa, mwalimu. Gari geni limeingia uani kwangu, wewe unanipigia kelele, mtu nisiyemwona ananishika mashavu."

Nikakumbuka kwamba mama yule alimshika mashavu baadaye, baada ya jibu lile. Lakini sikuwa na uhakika, na njia ilikuwa mbaya, nikamwacha aendeshe.

Alifariki mwishoni mwa miaka ya themanini. Watu walikuja kuzika kutoka Shinyanga, kutoka Kahama, hata wachimbaji wa dhahabu wa Bulyanhulu aliokuwa akiwatengenezea pampu zao. Nilikaa mkekani na wanawake, nikipokea pole. Katika mstari wa waliotia udongo walikuwemo vijana wengi nisiowajua, wa kiume na wa kike. Niliwatazama mmoja mmoja hadi macho yangu yakachoka.