Masomo ya Almasi Nyumbani kwa Bibi

Wiki iliyopita, hapa Fizi, binti yangu alikuwa amekaa uani na rafiki zake wakitazama pete kwenye simu. Wakakuta almasi mbili zinazolingana kwa ukubwa, lakini bei ya moja ilikuwa imeipita ya nyingine mbali kabisa.

"Bale ni bezi tu," mmoja akasema, akiwaita wauzaji wezi.

Nikaacha sombe, majani ya mihogo niliyokuwa nikitwanga, kwenye kinu, nikajikuta naeleza: rangi, usafi wa ndani, uzito, namna jiwe lilivyokatwa. Nilieleza mpaka simu ikasahaulika. Binti yangu akaniuliza, "Mama, ulisoma wapi ile yote?" Nikamjibu kwamba ni mjini Baraka, nyumbani kwa bibi. Sikumwambia kuwa mwanafunzi wa masomo hayo alikuwa dada yangu, si mimi.

Laiti ungeiona nyumba ile, rafiki yangu. Ilikuwa ya matofali ya udongo, karibu na ziwa kiasi kwamba asubuhi tulisikia wavuvi wakibishana kabla hawajafika nchi kavu. Uani kulinuka mihogo iliyolowekwa na mawese yaliyokuwa yakichemka, na upande wa pili wa ua wa matete kulikuwa na ndagala, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza ndagala hizo na kufukuza kuku. Bibi alipika bugali mkubwa, akatuita kwa kugonga mwiko kwenye sufuria.

Kisha akaja shangazi, dada ya baba yetu. Alikuwa ameishi Mbuji-Mayi miaka mingi na mume wake, mnunuzi wa mawe. Mume alipofariki, akarudi kwa mama yake na sanduku moja. Ndani yake mlikuwa na vitenge, lupe ya kukuzia mawe, na almasi moja ndogo aliyoifunga kwenye kitambaa. Alinukia manukato na kahawa. Akicheka, hata majirani walitoka nje. Nilimpenda siku ileile aliyofika.

Yeye akamchagua dada.

Asubuhi, jua likiwa bado pole, alitandika mkeka mlangoni, akaweka karatasi nyeupe juu ya goti na kuita, "Yaya, kuya hapa." Yaya, yaani mkubwa, ni dada yangu. Bibi alipouliza kwa nini asituite sote, shangazi akajibu, "Huyu iko na macho." Nami nilikuwa nyuma ya matete, mikono inanuka samaki, nikijiuliza mimi nina nini usoni kama si macho.

Nikawa nageuza ndagala polepole sana ili nisikie. Shangazi alisema jiwe jeupe kama maji lina bei kuliko lenye umanjano, kwa sababu meupe hasa ni machache. Alisema doa jeusi ndani huzuia mwanga. Na ufa ndio mbaya zaidi: "Munuzi hanunue jiwe lote. Ananunua ile itabaki kisha kukata." Dada alipojibu vizuri, shangazi alimsugua kichwa. Nilikuwa najua jibu kabla yake, ila hakuna aliyenisugua kichwa mimi.

Siku moja jirani yetu akaja analia. Alikuwa mama mjane aliyekimbia kutoka Burundi, analima mihogo ya watu kwa kibarua. Mume wake alikuwa amemwachia almasi, kubwa kuliko ya shangazi mara mbili, na alitegemea kuiuza apate shamba lake mwenyewe. Mnunuzi wa sokoni alikuwa amemtajia bei ndogo.

"Ananizarau juu niko mukimbizi," alisema.

Shangazi aliyaweka mawe yote mawili kwenye karatasi, akampa dada lupe. Dada akatazama, akasitasita. Mimi nikapenya ua bila kuitwa, nikainama juu ya karatasi. Hata bila lupe niliona.

"Iko ya manjano," nikasema. "Na iko na ufa, kutoka huku mpaka huku. Wakikata, nusu itakuwa vumbi."

Dada akainua kichwa. "Ni kweli. Ufa iko."

Mama yule akatutazama kwa zamu. "Batoto babili banasema namna moja," akasema. "Basi naamini." Aliuza jiwe, akakodi kipande cha shamba badala ya kununua, na mavuno ya kwanza akatuletea kikapu cha mahindi.

Na shangazi? Alimpapasa dada begani. "Ulikuwa na haraka ya nini?" ndiyo maneno aliyoniambia. Kisha, "Ndagala zinaliwa na kuku." Nilirudi kwenye samaki wangu, nikafukuza kuku.

Mvua zilipokwisha, shangazi akarudi Mbuji-Mayi, huko Kasai, akaenda na dada. Walipanda lori wakipunga mikono. Bibi alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira mno.

Dada alirudi tulipomzika bibi. Tukiwa tunamenya mihogo ya wafiwa, akanisimulia jinsi shangazi alivyougua kule na kufa. "Mi mwenyewe nilimwosha," akasema taratibu. "Nilimusuka nywele, nikamuvalisha kitenge yake." Wengine walimwonea huruma. Mimi, mwanamke mzima mwenye watoto, nilimwonea wivu mpaka kisu kikaniteleza.

Maji ya ziwa yalipopanda, yaliibeba nyumba. Hakuna ua wa matete tena, wala kizingiti. Dada ana kaburi la shangazi kule Mbuji-Mayi, analipalilia. Mimi nikishuka Baraka naona maji tu, na siwezi hata kuonyesha kwa kidole nikasema: pale ndipo shangazi alipokuwa anakaa, na pale, hatua chache tu, nilikuwa mimi.