Nilimkatiza Mwenzangu Darasani

Kabla sijaingia chuo kikuu nilikuwa nimeshakiishi vitabuni. Skuli yetu Chake Chake ilikuwa na kabati moja la riwaya, na mwalimu aliyeshika ufunguo aliniruhusu kuazima mbili mbili. Nilikwenda nazo nyumbani Vitongoji nikazisoma nimelala kifudifudi juu ya mkeka, mama akiniita mara tatu ndipo nisikie. Katika riwaya hizo mwanafunzi mgeni hufika chuoni hana mtu, lakini sura ya pili haiishi ila ameshapata rafiki wa kufa na kuzikana. Mhadhiri hukiona kipaji chake siku ya kwanza. Vijana hujadiliana kwa maneno mazuri, na hakuna anayepanga foleni ya maji ya kuogea.

Chuo nilichopangiwa kilikuwa hapa hapa Pemba, upande wa kaskazini, mwendo wa saa moja na kitu kutoka kwetu. Hilo lilinivunja moyo. Nilitaka mbali. Nikajiambia basi, kama siwezi kwenda mbali, nitakuwa mtu mwingine hapa hapa.

Chumbani dakhalia, yaani bwenini, nilimkuta msichana wa Kisiwa Panza, amenizidi miaka miwili. Alikuwa ameshafagia, ameshatandika kitanda chake, na changu pia. Sanduku lake lilinuka ng'onda, wale samaki wa kukaushwa juani. Akaniuliza hali yangu, hali ya mama, hali ya baba, na jinsi nilivyolala, kwa Kipemba kizito kile kile cha bibi yangu. Mimi nilimjibu kwa Kiswahili cha redioni. Nilimwona akinitazama kidogo, kisha akanikaribisha chai.

Sikumwona kuwa ni rafiki niliyekuwa nikimsubiri. Macho yangu yalikuwa kwa wasichana wanne kutoka Unguja waliokaa chumba cha mwisho wa ukumbi. Walizungumza haraka, walicheka kwa pamoja, na mtu akitamka neno la Kipemba walilirudia baina yao kwa siku mbili. Nilijitahidi wasinigundue. Walinigundua wiki ya kwanza, lakini walinivumilia kwa sababu nilicheka nao.

Muhula wa kwanza somo la mazingira lilitaka kazi ya wawili wawili. Mwenzangu wa chumba akapendekeza tuandike kuhusu mikoko ya kwao, namna ilivyokatwa na maji ya chumvi yakaingia mashambani. Nilichoandika mimi ni sentensi tu. Maarifa yote yalikuwa yake. Alijua shamba la nani liliharibika mwanzo, mpunga ulibadilika rangi vipi, na kina mama walipanda miche upande gani ikafa, upande gani ikashika. Nilimwambia niwasilishe mimi, kwa kuwa nimezoea kusoma mbele za watu. Akakubali.

Mhadhiri wetu, mtu wa bara, alitaka tuwasilishe kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho tutakachozungumza na watu vijijini. Nikasoma vizuri. Kisha akauliza kwa nini miche ya upande mmoja ilikufa. Sikujua. Niligeukia karatasi yangu kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa pale.

Mwenzangu akasimama mahali alipokaa, akaanza kueleza. Alisema kwamba "nkoko" hautaki kupandwa kwenye mchanga mtupu. Wale wanne kwenye viti vya nyuma wakaanza kunong'onezana. Na mimi, mtoto wa Vitongoji, ambaye nyumbani kwetu pia mti ni "nti", nikamkatiza.

"Anakusudia mkoko," nikasema, nikatabasamu.

Darasa zima likacheka. Yeye akakaa. Mhadhiri akamwomba aendelee, naye akasema amemaliza. Halafu mhadhiri akanisifu mimi kwa lugha safi, mbele ya watu wote, kama nilivyosoma vitabuni kwamba itakuwa. Sitasema uongo: nilifurahi. Furaha ile ilinikaa mpaka chakula cha mchana.

Jioni mwenzangu alikuwa anakunja kanga kitandani. Nilimwambia nilitaka kumsaidia tu, wasije wakamcheka. Hakuinua sauti.

"Weye hukuhofia wanicheke miye," akasema. "Ulihofia wakucheke weye."

Nikakasirika, kama anavyokasirika mtu aliyeambiwa kweli. Kwa siku kadhaa tulisalimiana tu. Hata hivyo chakula changu aliendelea kuniwekea nikichelewa, kimefunikwa kwa sahani. Ilipokaribia Idi akanialika kwao Panza, akasema mama yake anataka kuniona. Nikamwambia nina udhuru. Udhuru wenyewe ulikuwa kwamba nilitegemea wale wanne wangenialika Unguja. Hawakunialika, na sikumbuki kama waliwahi hata kulifikiria jambo hilo.

Muhula wa pili aliomba kuhamia chumba kingine, kwa msichana wa Kiuyu. Nilirudi kutoka darasani nikakuta kitanda kitupu, kimefagiliwa chini yake. Katika riwaya ningemkimbilia nikamwomba radhi, naye angelia. Mimi nilihamishia vitabu vyangu kitandani mwake, nikajiambia nimepata nafasi. Miaka mitatu tulipishana kwenye mlango wa maktaba, akinisalimia kila mara, nami nikijiahidi kwamba kesho nitazungumza naye.

Sasa nafundisha sekondari. Mwanafunzi wangu akisema "ntihani" namwacha amalize anachotaka kusema. Mwaka juzi niliipata namba ya yule mwenzangu wa Panza kwa mtu tuliyesoma naye, nikamwandikia ujumbe mrefu wa kumwomba msamaha. Akajibu siku ile ile kwamba alishanisamehe zamani, na nimsalimie mama. Ilipokaribia Idi iliyofuata nikampigia. Simu akapokea mumewe, akaniambia kwa adabu kwamba mkewe yumo mikokoni na wanafunzi wake, akirudi atamwambia.

Hakupiga. Nilikaa na simu mkononi kwa siku nyingi, kisha nikaacha kuitazama. Kunisamehe alinisamehe, lakini rafiki yake sikuwa, na hakuna aliyeninyima urafiki huo ila mimi mwenyewe.